Rekodi ya Dakika Thelathini

Dada yangu anasomea digrii ya pili ya kuwashauri wanafunzi wa vyuo, wale wanaojifungia hosteli wakilia. Darasa lao ni la Jumapili, Meru mjini. Ili apelekwe kwa mazoezi katika ofisi ya chuo, alihitaji rekodi ya dakika thelathini akimsikiliza mwanafunzi mwenye shida. Msichana aliyekubali aliona simu inarekodi, akakumbuka ana nguo za kuanua.

Basi Jumamosi ya likizo fupi ya shule yetu ilinikuta jikoni kwetu Kibirichia, nimegeuka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Jifanye tu una shida," dada aliniambia. "Na ukileta ujinga wako, chapati huoni."

Akabonyeza simu, akaniuliza nimeletwa na nini.

"Madam, nimeletwa na miguu."

Hakucheka. Wamefundishwa kunyamaza mpaka mtu aongee mwenyewe. Alininyamazia hadi vichekesho vikaniishia, na kwa kuwa ilibidi niseme kitu, nikaazima shida ya kaka yetu, aliyeacha chuo mwaka jana na sasa analima waru, viazi vya huku kwetu, bila kuongea na mtu.

"Silali," nikasema. "Wiki nzima naweza kulala siku mbili. Nilimpigia mdogo wangu simu nikamwambia."

"Akakujibu nini?"

"Akasema nifungue vitabu vyangu, usingizi utakuja wenyewe."

Nilikuwa nimeshaanza kucheka nilipomwona uso. Nyumbani hakuna aliyejua kaka aliwahi kunipigia. Dada akazima simu.

"Ilikuwa lini?"

"Wiki moja kabla hajaacha chuo akarudi nyumbani."

"Na wewe ukamcheka."

"Nilidhani ananitania."

Huo ulikuwa uongo. Sauti yake niliisikia vizuri.

Dada hakunigombeza. Alisema wanakatazwa kumshauri mtu wa damu yao, na sasa ameelewa kwa nini. Akaifuta rekodi mbele yangu. Kesho yake alienda darasani mikono mitupu, mazoezi yake yakasogezwa hadi mwakani. Kwangu alitaka kitu kimoja: nimwambie kaka mwenyewe kwamba siku ile nilimsikia.

Nilienda shambani. Kaka aliniangalia, akanipa jembe la pili. Tukalima mistari miwili. Mdomo nikaufungua, nikamwambia huu udongo ni mgumu kama ugali wa shule yetu.

Akaendelea kulima. Jumapili alasiri nilirudi shule.