Merle na Mtu wa Bwawani

Katika mji wa Nulloora, mahali mashamba ya ngano yanapoanza pale pale inapoishia nyumba ya mwisho, watu walijua kwamba Merle Hoskin hapendi kukaa akitazama maji. Kwenye karamu za kando ya mto aligeuza kiti chake, akala akitazama magari yaliyoegeshwa. Alipoposwa na Clem, sharti lake lilikuwa moja tu: nyumba iwe mjini na maji yatoke bombani. Clem alikuwa mtu wa maneno machache. Alikubali, akaishi naye miaka arobaini na sita, akaenda kaburini hajauliza sababu.

Sababu aliijua Noelene Tully peke yake. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwenye maghala ya nafaka miaka thelathini kamili, Merle akisoma mizani ya malori, Noelene akichukua sampuli za ngano. Kuna miezi malori hayaji, na watu wawili wakikaa kibandani kusubiri, kila siri hupata mlango wa kutokea.

Ilikuwa hivi. Merle alipokuwa na miaka sita, kule shambani kwao, alimwona mtu amesimama ukingoni mwa bwawa la kunyweshea kondoo. Mtu mrefu, mwenye ndevu, na nywele zilizolowa zimemshuka mpaka kiunoni. Merle alimjua. Tangu hajui hata kufunga kamba za viatu alikuwa akimwota mtu yule, na kila alipomtaja nyumbani aliambiwa ni mzuka, akimwona akimbie. Sasa mzuka umetoka ndotoni, umesimama juani. Tena ukamwita. Haukutaja jina lake hasa. Ulisema, "Miro."

Merle alipiga kelele mpaka farasi wakakata kamba.

Alimwona tena mwaka wa sitini na tisa, ana mimba ya mwanawe Stephen, siku alipompelekea kaka yake Vern chakula shambani. Ilikuwa saa sita mchana. Safari hii mtu wa bwawani hakuita. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, kama anayekupa kitu ukipokee. Merle aliangusha chungu akarudi mjini kwa miguu, na bwawani hakukanyaga tena.

Miaka ikapita. Clem akafa, mume wa Noelene naye akafa, na wajane hao wakawa na desturi ya kula pamoja kila Alhamisi kwenye klabu ya wazee: kondoo wa kuoka, viazi, na mchuzi wa rangi ya udongo. Merle alikuwa na miaka sabini na minne na hajawahi kutia mdomoni kitu kikali kuliko pilipili manga.

"Utakufa hujala ila viazi," Noelene alimtania.

"Nitakufa tumbo langu limetulia. Wewe lako?"

Mwaka ule wa ukame, Alhamisi moja, walikuwa njiani kwenda klabuni upepo uliposimama ghafla. Ndege wakanyamaza. Upande wa magharibi kulikuwa na ukuta mwekundu, mrefu kuliko maghala, unakuja bila sauti. Kabla hawajafika njia panda jua lilikuwa limezimwa, taa za barabarani zimewaka adhuhuri, na vumbi limewajaa puani. Noelene alimshika shoga yake mkono, akausukuma mlango wa kwanza alioupapasa.

Ulikuwa mlango wa mkahawa wa Kihindi. Zamani palikuwa benki. Lakhwinder, ambaye mji mzima ulimwita Lucky, aliufungua miezi minane kabla pamoja na mama yake mzee, Bachan. Merle alikuwa akiupita kila siku na hajawahi kuingia. Hakuwa na chuki. Alisema tu kwamba tumbo halishtuliwi uzeeni.

"Karibuni, mama zangu, fungeni mlango," alisema Lucky, "vumbi lisije likala kabla yenu!" Juu ya paa bati lilikuwa linagonga. Lucky akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kulifunga.

Hapakuwa na wateja wengine. Mwanga uliopenya madirishani ulikuwa mwekundu kama wa makaa. Bachan hakuwauliza wanataka nini. Aliwawekea bakuli la dengu za manjano na chapati zilizopakwa samli, moshi bado unazitoka, akarudi kusimama karibu na jiko.

Noelene alitafuta uma. "Haya, mwenzangu, jipe moyo. Unaanza wewe au..."

Akanyamaza, maana Merle alikuwa ameshaanza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani. Wa kulia ulikuwa umeikandamiza chapati kwa vidole viwili na kuichana kwa kimoja, ukakikunja kipande, ukachota dengu, ukakisukumiza mdomoni kwa dole gumba, na halikudondoka hata tone. Ukarudi kuchana kingine.

"Wewe! Umejifunzia wapi hayo?"

"Sijui," alisema Merle. Alikuwa akiutazama mkono wake kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani aliyeingia ndani bila kuitwa.

Na kinywani mambo yalikuwa yale yale. Ilikuja bizari iliyoungua kidogo kwenye samli, na Merle akajua kwamba nyuma yake iko tangawizi. Tangawizi ikaja. Akajua kwamba mwishoni kabisa pana kitu kichachu, akakingojea, nacho kikaja. Ni chakula asichokijua kabisa, na kila hatua yake aliijua kabla haijafika. Nywele za kisogoni zikamsimama, lakini hakuacha kula. Bakuli lilipokuwa tupu, midomo yake ikasema, "Hor."

Bachan aligeuka polepole. Akaja na chapati nyingine, akaiweka, asiondoke.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Umesema niongeze. Umesema kwa lugha yetu."

Noelene alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Merle? Huyu hata Kiingereza chenyewe anakisema kwa shida."

Bachan hakucheka. "Jina lako nani, dada?"

"Merle."

Mzee alijaribu kulitamka, ulimi ukamkatalia, akajaribu tena. "Mir... Miro."

Merle aliacha kutafuna. Na wakati ule ule mlango wa nyuma ukafunguka. Lucky alikuwa amemaliza kazi ya paa. Vumbi lilikuwa limemjaa hata ndani ya kilemba, naye akakifungua palepale kizingitini akikung'ute. Nywele zikamshuka mpaka kiunoni. Nyuma yake anga lote lilikuwa jekundu, na uso haukuonekana, ni umbo tu, nywele, na mkono ulioshika kitambaa.

Noelene husema mpaka leo kwamba kelele iliyotoka haikuwa ya bibi wa miaka sabini na minne. Ilikuwa ya mtoto.

"Mama, ni mimi!" Lucky alisema, amekauka mlangoni. "Ni mimi, Lucky!"

Bachan alikishika kichwa cha Merle akakikumbatia kifuani pake, penye harufu ya vitunguu na unga, akakiweka hapo mpaka mabega yakaacha kutetemeka.

"Ana nywele," alisema Merle.

"Ana nywele, ndiyo. Na baba yake alikuwa nazo, na babu yake. Kwetu wanaume hawakati."

"Wote?"

"Wote, dada yangu."

Merle hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alikokuwa kaka yake. Vern alikuwa na miaka themanini na mitatu, macho yameingia ukungu, na masikio yake yalisikia alipotaka yeye. Merle alivuta kiti.

"Kaka, nilipokuwa mdogo, nani alikuwa ananilisha?"

Badala ya kujibu Vern akauliza, "Umekula wapi?"

"Kwa Lucky. Kwenye benki ya zamani."

"Nilijua," alisema Vern. "Tangu waliponiambia Wahindi wamefungua hoteli, nilijua iko siku."

Akamweleza, uso ameuelekeza ukutani. Mama yao alikufa Merle hajafika miaka mitatu. Baba akaenda kubeba ngano za watu, na zaidi ya hapo akaenda kunywa. Akawaacha wawili hao shambani. Majira ya baridi yale akapita mchuuzi na gari lake la farasi, anauza sindano, vitambaa na chai. Farasi akavunjika mguu langoni kwao. Mchuuzi akaomba alale kwenye banda la kuwekea hatamu za farasi, kando ya bwawa, siku mbili tatu. Alipoona jikoni hakuna moto na mtoto analamba unga mkavu, akakaa miezi kumi na minne.

"Alikuwa anatupikia. Mimi nilikula kwa sababu ya njaa. Wewe ulikula kwa sababu ilikuwa chakula chako. Hukulala ila mgongoni kwake. Ulisema lugha yake kuliko yetu. Ulikuwa unamwita bapu."

"Ndiyo nini?"

"Baba, Merle. Ulikuwa unamwita baba. Ndipo baba yetu akarudi, hajanywa, ana aibu, na majirani wameshasema yao. Akamfukuza siku ile ile. Ukalia siku kumi. Baba akaniambia, akiuliza, mwambie hakuna mtu, alimwota. Akizidi, mwambie ni mzuka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikasema. Nilisema vizuri kupita kiasi."

"Na siku ile bwawani?"

"Alirudi kukuona. Alikuwa ameoga anakausha nywele, kama zamani. Alikuletea peremende kwenye karatasi. Ulipopiga kelele alisimama vile vile kama mtu aliyepigwa jiwe. Kisha akaiweka karatasi chini, akaenda zake hata kilemba hajafunga." Vern alijipangusa mdomo. "Peremende nilizila mimi. Zote."

Merle hakulia. "Jina lake nani?"

"Charlie. Wachuuzi wote tuliwaita Charlie."

"Jina lake, kaka."

"Natha," alisema mzee. "Natha Singh. Nimelijua siku zote."

Basi Merle akamuuliza lile la mwisho. Mwaka wa sitini na tisa, alipokuwa na mimba, yule aliyesimama bwawani na mkono ameunyoosha, naye alikuwa Natha amerudi?

Vern akamgeuzia macho yake meupe. "Mwaka gani?"

"Sitini na tisa."

"Alikufa hamsini na tatu. Wenzake waliuchoma mwili wake kando ya mto, kwa desturi yao. Baba alisoma gazetini, kisha akalitia gazeti jikoni."

Nje muuguzi alikuwa akipita na kitoroli cha chai, vikombe vinalia. Merle alingoja mpaka sauti ikafifia.

"Basi nilimwona nani?"

"Usiniulize mimi," alisema Vern. "Unadhani lile shamba nililiuza kwa nini?"



Kutoka pale Merle alikwenda moja kwa moja kwa Lucky kuomba radhi. Lucky alimsikiliza, kilemba kimefungwa safi, akasema, "Mama, tangu nije mji huu nimeitwa mengi, lakini mzuka ni mara ya kwanza." Aliposikia habari yote akasema yuko tayari kumpeleka shambani kwa gari wakati wowote, na Bachan ataandamana nao.

"Hapana, mwanangu," alisema Merle. "Nikimkosa nitalia. Nikimwona nitakufa."

Lakini Alhamisi zikahama kutoka klabuni zikaja mkahawani. Noelene alilalamika majuma mawili, la tatu akaanza kuja mapema kuliko mwenzake. Bachan alikuwa akikaa na Merle jikoni akimfundisha kukanda unga na kumgombeza: "Unaubembeleza! Upige!" Na wakiwa kazini maneno yalimtoka Merle moja moja bila yeye kuyatafuta. Maji. Njoo. Moto, usiguse. Mengi yalikuwa maneno ya kumwambia mtoto. Bachan aliyapokea yote akimwambia maana, isipokuwa moja. Hilo alipolisikia aliacha unga, akanawa mikono, akaenda kusimama uani. Hajamfasiria mpaka leo. Husema ni neno la kijiji kingine, halijui.

Vern alifariki mwezi wa saba, usingizini. Mazishini, baada ya kanisa, watu waliingia ukumbini wakitarajia mikate ya nyama na keki, wakakuta sufuria za Lucky zimejaa dengu, na chapati zimefunikwa kwa vitambaa. Wazee wa mji walisimama mlangoni wakitazamana.

Merle hakuwa mtu wa hotuba. Aligonga kikombe kwa kijiko. "Alipokufa mama yetu," alisema, "aliyetuweka hai mimi na Vern ni Natha Singh, mchuuzi. Hiki ndicho alichokuwa akitupikia. Kaka yangu alitaka lisemwe. Haya, kuleni."

Vern hakuwa ametaka hivyo. Hilo alilizua dada yake, na halikuwa la kumdhuru marehemu. Stephen, mwana wa Merle, aliyekuwa amesafiri kutoka mbali, alimsogelea mama yake akamuuliza mbona hajawahi kulisikia jina hilo. Merle alimpa sahani, akamwonyesha jinsi ya kuchana kwa mkono mmoja. Mzee Ferris, aliyeketi karibu na dirisha, alisema kwa sauti kwamba yeye anamkumbuka mchuuzi yule, kwamba mama yake alinunua kwake kitambaa cha pazia, na kwamba hakuwahi kujua alikuwa na jina. Kisha akaomba naye aletewe sahani.