Siku Mama Sikubali Alipoombwa Anyamaze

Jirani yangu wa ukuta mmoja tunamwita Mama Sikubali. Anafua na kupiga pasi nguo za watu, na jambo lolote jipya likimfikia huliuliza maswali mpaka lichoke lenyewe. Wanasema hata siku ya ndoa yake, padri alipotaka kujua kama anamkubali yule bwana, alijibu kwamba ana swali. Nilitamani sana kujua kama ni kweli. Basi siku moja nikiwa kwake, mwanangu mchanga akitikisa chupa za mbegu ambazo Mama Sikubali amezipanga chini ya kitanda, nikamuuliza mwenyewe.

"Waongo hao," akasema, huku akinyunyizia maji shati la mtu. "Yalikuwa mawili."

Sisi wanawake wa mtaani tuna kikundi. Tunalima mboga nyuma ya kanisa kwa samadi na majani makavu, bila dawa za dukani. Mwaka huu tuliomba ruzuku kwenye mfuko wa Kanisa unaosaidia vikundi vya wakulima wadogo. Tulitaka tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka paa la kanisa, maana kila kiangazi mboga zinatufia mikononi. Mama Sikubali peke yake alitaka kwanza chumba cha kuhifadhi mbegu zetu wenyewe, na hakuacha kulisema jambo hilo.

Asubuhi ambayo Sista wa mfuko alikuwa anakuja kutukagua, mwenyekiti wetu, fundi cherehani, alimfuata Mama Sikubali mlangoni. Akamwomba kwa adabu zote atunyamazie, leo tu, mgeni asije akaona hatuelewani. Mimi nilikuwa naanika nepi, nikatega sikio. Nikamsikia akisema sawa. Nepi ikanidondoka.

Sista alizunguka matuta, akafukua udongo kwa kidole, akaunusa. Kisha tukakaa kwenye mabenchi ya wanafunzi wa katekisimu. Akauliza nani aliamua habari ya tangi. Tukaitikia kama watoto wa shule kwamba ni sote. Akauliza kama kuna aliyekuwa na wazo jingine. Mwenyekiti akasema hakuna, sisi ni kitu kimoja.

Tabasamu la Sista likapotea. Akatueleza taratibu kwamba mfuko ule ni wa watu wanaojiamulia mambo yao, na kwamba akikuta kikundi kisichojua kubishana, huwa anajiuliza kama si mtu mmoja anayeamua na wengine wanaitikia. Akaanza kufunga mkoba wake. Nililiona tangi letu likiingia humo ndani.

Sote tukamgeukia Mama Sikubali. Alikuwa anatazama dari, midomo ameibana kama fundi aliyeshika pini kwa meno.

"Mama, sema basi," mwenyekiti akanong'ona.

"Mmenikataza."

"Haya, nimekuruhusu."

"Wewe nani wa kuniruhusu?"

Kicheko kikatuponyoka. Mama Sikubali akasimama, akamweleza Sista wazi kwamba ameombwa anyamaze, na kwamba yeye tangi halitaki kabla ya mbegu, kwa sababu kila msimu tunarudi dukani kuzinunua kama watu wasio na kwao. Mwenyekiti akasahau adabu.

"Na hizo mbegu bila maji tutazifanyaje, tuzitafune?"

Mwenzetu muuza mkaa akadakia, mwingine akamkatiza. Hata mimi, ambaye mikutanoni kazi yangu ni kunyonyesha, nikajikuta nasema kwamba anayeteka maji na mtoto mgongoni ni mimi, na mgongo wangu unataka tangi. Sista akaweka mkoba chini, akaomba maji ya kunywa, akaendelea kusikiliza. Mwisho tukanyoosha mikono. Tangi likashinda. Mkono mmoja tu ulibaki mapajani.

Ruzuku ikaja. Siku mafundi walipofunga mifereji ya bati, aliyewashikia ngazi alikuwa Mama Sikubali. Sikuweza kujizuia, nikamuuliza kama moyo haumuumi kwa kushindwa.

"Kushindwa nimekuzoea, mwanangu," akasema. "Kunyamaza ndiko kulikonipa maumivu ya kichwa." Kisha akainua uso, akamuuliza fundi kwa nini mfereji unaelekea mlangoni.