Salamu Zangu kwa Watu wa Linux

Laptopu hii nilipewa na walimu wenzangu siku waliponiaga nilipostaafu. Walisema, "Mwalimu, sasa utapata nafasi ya kuandika." Nafasi nimeipata, tele. Mume wangu alifariki muda si mrefu baadaye, watoto wako mbali na kazi zao, na hapa Lumakanda mashamba ya skimu, yale serikali iliyowagawia watu, ni makubwa, kila nyumba imekaa peke yake katikati ya shamba lake. Mahindi yakishapanda juu, hata bati la jirani silioni. Kuna siku zinapita bila mtu kuniamkia, na kwa mtu aliyezoea darasa zima kusimama na kumwamkia kila asubuhi, hiyo ni adhabu.

Laptopu nayo ikazeeka kunipita. Nikiiwasha, nalisha kuku, nafagia ua, narudi bado inajifikiria. Mwishowe ikakataa kabisa. Nikaipeleka kwa fundi Kakamega mjini. Akaifungua, akaifunga, akasema, "Madam, hii ni ya kutupa. Nunua ingine." Hata usoni hakuniangalia. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilimwambia kitu hakitupwi eti kwa sababu kinachelewa kuamka, nikaibeba nikaenda zangu.

Nikaingia saiba, duka la intaneti lililokuwa karibu, kuuliza kama kuna njia nyingine. Mama wa pale akaniambia kuna mfumo wa kuendesha kompyuta unaoitwa Linux, ni wa bure, watu wa dunia nzima wameutengeneza kwa kujitolea, na hauilemei mashine kuukuu. Akaniwekea kwenye flashi, akanionyesha kitufe cha kubonyeza mashine inapoanza kuwaka.

Kazi hiyo niliifanya mchana, mezani pale sebuleni. Nilikibonyeza kile kitufe kama mtu anayembishia kiziwi mlango. Mashine ikaniuliza lugha, ikaniuliza niko nchi gani, ikaniuliza kama niko tayari kufuta kila kitu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikakubali. Mstari ukasogea polepole, nikanywa chai, kisha picha ya mlima ikajitokeza, safi kabisa. Nikasema kwa sauti, "Ebu njoo uone." Nilikuwa nimeshageukia jikoni ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kuja. Nikalia kidogo, kisha nikajifuta, maana kulia hakuunganishi waifai.

Waifai ndiyo iliyogoma. Kile kidude cha intaneti alichonitumia binti yangu kilikuwa kinawaka taa, simu inakiona, laptopu haikioni. Nikatafuta kwa simu, nikapata jukwaa ambapo watu wa Linux husaidiana. Sasa, kwetu mgeni akiingia boma la watu hasemi kilichomleta. Anaamkia, anaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua. Anapewa kiti, anapewa chai, ndipo mwenyeji anamwuliza safari yake. Anayeanza na shida yake huyo si mgeni, huyo ni polisi. Basi nikaandika kwa Kiingereza changu cha ualimu, ila salamu nikaiacha ya kwetu, ya kutakiana amani: Mulembe, ndugu zangu. Ni matumaini yangu kwamba nyote mu wazima pamoja na familia zenu. Huku kwetu mvua imeshika vizuri na tumeanza kupalilia. Je, huko kwenu hali ikoje? Nikaishia hapo, nikangoja waniitikie.

Hakuna aliyeitikia. Nikaenda kupalilia, nikarudi, nikatazama simu. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Hatimaye mmoja, mwenye picha ya paka mahali pa uso, akaandika: Swali lako ni nini? Nilisonya peke yangu nyumba nzima. Hata habari za huyo paka hakunipa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikaeleza shida yangu.

Wee, yule mtu akabadilika. Alinijibu siku hiyohiyo, kwa upole, hatua kwa hatua. Akaniambia nifungue dirisha jeusi la kuandikia amri ili tujue kipande cha waifai kilichomo ndani ya laptopu ni cha aina gani. Nikaandika, nikakosea, akanirekebisha. Akanifundisha kuiunganisha laptopu na simu kwa waya ili iazime intaneti. Tukaweka programu isiyofaa, akanionyesha jinsi ya kuiondoa. Kila nilipomwandikia nilitanguliza salamu, naye hakuziitikia hata moja. Ila mara moja, mwishoni mwa maelezo yake, aliandika kwamba kwao baridi ni kali na amewasha moto. Sentensi hiyo niliisoma na kuirudia. Nikawa ninaamka na hamu, kuku hawajala nami niko kwenye simu. Nilijua wazi kwamba sikuwa natafuta waifai tena. Nilikuwa nataka mtu.

Jumamosi akanitumia amri nyingine, ya kuweka programu ndogo inayokiendesha kile kipande. Nikaiandika, nikaizima mashine na kuiwasha, na jina la kidude changu likatokea pale juu. Nikamwandikia shukrani ndefu, nikamwuliza kama ana watoto, na kama moto wake ni wa kuni. Jibu halikuja. Wasimamizi wa jukwaa waliandika juu ya mazungumzo yetu kwamba tatizo limetatuliwa, wakayafunga, pasiwe na wa kuongeza neno. Ndiyo desturi yao, hawakukusudia ubaya.

Basi nikabaki na laptopu nzima, inakwenda mbio. Nikasoma magazeti. Nikatazama hali ya hewa ya huku kwetu Lugari, ambayo ningeiona kwa kuchungulia dirishani. Nikajaribu kuandika, nikaandika tarehe. Sikuwa na la kumwuliza mtu yeyote duniani, na nyumba ikawa kimya kuliko kabla ya Linux.

Jumatatu, baada ya chai, nilifungua lile dirisha jeusi. Amri ya kuondoa programu nilikuwa naijua, yule wa paka mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Niliiandika herufi moja moja, bila kukosea. Alama ya waifai ikazimika. Nikachukua simu, nikaanzisha mazungumzo mapya, nikasema imekufa tena na sijui kwa nini.

Yuleyule alijibu kabla sijaondoa kikombe mezani. Pole sana, aliandika. Usiwe na wasiwasi, nina nafasi leo. Tuanze tena mwanzo.

Nikavuta kiti.