Mashimo Matupu

Walimwita Kisigino kwa sababu ya kazi yake. Msimu wa kupanda, mama yake hutangulia na jembe akichimba mashimo. Yeye hufuata, hudondosha mbegu mbili za mahindi, hufukia kwa kisigino, husonga mbele. Sasa ana miaka kumi na miwili. Kazi hiyo aliianza kabla meno ya utotoni hayajamtoka.

Mwaka huu mahindi yalichipua vizuri, isipokuwa mistari ya mwisho, kule bondeni. Baba akatazama udongo mtupu, akasonya.

"Ndege hawa watatumaliza!"

Mama akainama, akafukua shimo moja, kisha la pili, kisha la tatu. Hamna kitu.

"Ndege gani huyo, baba watoto, anayekula halafu anafukia?"

Kisigino akatazama vidole vyake vya miguu. Hakuwa mwizi wala mvivu. Jioni ile walipopanda bondeni, alilala akiwa amesimama. Miguu ikaendelea na kazi, mkono ukasahau. Mbegu zilizobaki mfukoni, baba alizifurahia akidhani ni baraka.

"Kesho alfajiri utarudia," baba akamwambia binti yake. "Udongo ukikauka, ndiyo basi tena."

"Kesho ana mtihani wa kumaliza shule ya msingi," mama akasema.

"Mtihani haupikwi, mama watoto."

"Nitapanda mwenyewe."

"Na mgongo wako huo?"

"Mgongo wangu haufanyi mtihani."

Baba akacheka kidogo. Yeye naye alikuwa hoi. Lakini siku ilikuwa bado mbichi, na maharage yalingoja palizi. Wakapalilia wote watatu hadi giza likawafukuza.

Asubuhi Kisigino alikwenda shule. Mama alibaki bondeni peke yake: akachimba, akadondosha, akafukia, huku mkono mmoja ukishika kiuno.

Jioni alimkuta binti mlangoni, sare bado mwilini.

"Haya, mwanangu, mtihani umekwendaje?"

"Mwanzo niliandika vizuri, mama. Halafu nikashtuka, mwalimu anakusanya karatasi."

Mama akaketi kizingitini, udongo umemganda hadi magotini.

Mtu mzima akisinzia kazini tunampa pole. Mtoto akisinzia darasani tunamwita mvivu, kisha mavuno yakija tunauliza kwa nini hakufaulu, na sahani zetu zimejaa.

Binti akamletea mama maji ya kunawa miguu. Kabla mama hajanawa mguu wa pili, wote wawili walikuwa wamelala, wameegemeana.