Faini ya Jirani

Leseni yangu ya kuuza pombe ya kienyeji nimeitia fremu, nimeitundika ukutani kilabuni. Ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, naufungulia saa iliyoruhusiwa, si mapema. Bwana afya akija anakuta choo kisafi. Jirani yangu, mama wa pale bondeni, Kilolo hiihii, hakuwa na leseni. Aliuza uani kwake, nyuma ya jiko, tangu asubuhi, na uani kwake ndiko kulikojaa.

Sababu naijua. Huku kwetu muuzaji huonja kwanza. Anapiga funda moja mbele ya mteja ndipo anamkabidhi kikombe, ili mtu anywe bila wasiwasi. Mimi vidonda vya tumbo vimenikataza. Nimeeleza mpaka nimechoka. Wazee wananitazama, wanatazama kikombe, halafu ghafla wanakumbuka wana safari. Yeye alionja kila kikombe huku akicheka, na jioni bado alisimama wima. Nilimwonea wivu hadi kifua kikaniwaka. Hata mume wangu alikuwa akipitia huko, eti kusalimia tu.

Siku mgambo walipomkamata na kuumwaga ulanzi wake mtaroni, nusu ya kijiji waliapa kuwa mimi ndiye niliyemchoma kwa mgambo. Sikumchoma. Ila nilifurahi, tena nikavaa kitenge kipya kwenda mahakama ya mwanzo kusikiliza kesi.

Alikubali makosa yote mawili, kuuza bila leseni na kuuza saa zisizoruhusiwa. Hakimu akasema ni faini, akishindwa aende jela miezi sita. Nikasubiri alie. Hakulia, aliangalia chini tu, na nyuma yangu wanawake wakaanza kufuta machozi kana kwamba tumekuja msibani. Ndipo mume wangu akasimama. Mtu ambaye hata kwenye harusi yetu alisemewa na mjomba wake, leo kasimama mbele ya hakimu, kofia mkononi, anasema mama huyu hataenda jela, watamchangia, na yeye anaanza. Akatoa pesa ya mbolea ya viazi vyetu. Wengine wakafuata.

Wakati wa kurudi nilitangulia, simsemeshi. Tulipofika kwenye kilima nikashindwa kuvumilia.

"Baba, ingekuwa mimi, ungenisimamia vile?"

Alifikiri kwanza, na kule kufikiri kwake ndiko kulikoniuma.

"Wewe, mama? Wewe nani akukamate? Wewe una leseni."

Alikuwa ananisifu, maskini. Nikakaza mwendo asinione uso. Miaka yote nimefuata sheria nisije nikafika pale, na sasa nilikuwa natamani, kwa wivu mtupu, niwe mimi niliyesimama kizimbani, na yeye awe amenivulia kofia mimi.