Kikohozi cha Fundi wa Vioo

Ofisini kwetu yuko fundi wa vile vioo viwili vinavyowekwa mbele ya jukwaa, ambavyo msemaji husoma humo hotuba yake huku sisi tukidhani anatutazama usoni. Miguu ya vioo ina mota, na fundi hukaa pembeni nyuma ya pazia na kidude chenye vitufe viwili, cha kupandisha na cha kushusha, akivigusa kwa kidole gumba kama anayepapasa jipu la mtu mwingine. Mota hunguruma kidogo, kwa hiyo fundi hukohoa. Amekohoa miaka tisa. Mama wa usafi humletea tangawizi.

Juzi katibu muhtasi alimfuata. “Mkurugenzi ana urefu wa mita moja na sentimita themanini. Ukiweka chini ya hapo, kazi huna.”

“Sawa, dada.” Akaweka themanini barabara.

Mkurugenzi akapanda, akainua kidevu, akaanza kuyatafuta maneno huko juu kama anayekagua dari linalovuja. “Mabibi na…” Fundi akashikwa na kikohozi kirefu, cha kifua kizima, na vioo vikashuka naye mpaka sitini na tatu.

“…mabwana!” akasema mkurugenzi, kwa sauti ya mtu aliyefika nyumbani.

Baada ya makofi alikuja nyuma ya pazia, akanyoosha mkono juu kumpigapiga fundi begani. “Umeona? Themanini kamili. Ila kifua hicho, bwana, kitibu.”

“Nitakitibu, mzee,” fundi akasema, akakohoa tena, na kule jukwaani vioo vikapanda polepole kurudi themanini.