Mstari Mmoja Nilioufuta Kwenye Seva ya Pacha Wangu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, Butoyi alipoingia sebuleni kwa baba ameshika karatasi moja. Ilikuwa barua pepe aliyoichapisha, ya kwanza kabisa kufika kwenye seva aliyoijenga mwenyewe ndani ya nyumba yake, hapa hapa mtaani Rusimbi. Baba alivaa miwani, akaisoma taratibu. Alipomaliza aliikunja, akaitia mfuko wa shati, akasema, "Huyu ndiye aliyeirithi kazi yangu."

Maneno matano tu, lakini nilitoka pale nikiwa sioni njia.

Nikueleze kwanza sisi ni nani. Kwetu Waha pacha anayetangulia huitwa Bukuru, anayefuata huitwa Butoyi. Sisi tulikuwa wasichana wawili, na mimi ndiye Bukuru. Baba yetu alikuwa mpeleka barua. Miaka na miaka alizunguka na baiskeli na mkoba wa turubai, Ujiji mpaka Bangwe, na hakuna nyumba asiyoijua. Mimi ndiye niliyepelekwa chuo kusomea kompyuta, nikarudi na cheti, baba akakitia kwenye fremu. Nikaajiriwa ofisini mjini, watu wakaniita mtaalamu. Butoyi alikuwa fundi cherehani. Kompyuta alijifunza kwa kuuliza, kwa kusoma, na kwa kuharibu kisha kutengeneza. Sasa niambie, kazi ya baba ilistahili kurithiwa na nani?

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiuliza kila siku. Wazee walisema hasidi hana sababu, lakini hasidi mwenyewe hujiona anazo kumi.

Seva yenyewe, mashine ya kupokea na kutuma barua za watu, ilikuwa kompyuta kuukuu iliyokaa juu ya meza yake ya zamani ya kushonea, ndani ya stoo, pembeni ya madumu ya mawese. Umeme ukikatika ilishikwa na betri ya gari. Alikuwa ameiomba kampuni ya intaneti impe anwani isiyobadilika, maana laini za nyumbani hubadilishwa anwani kama mpangaji anayehamishwa chumba kila mwezi, na barua zikija hazimkuti. Mwanzoni walimkatalia. Akarudi, na akarudi tena, mpaka wakampa. Akaweka tovuti ya akina mama wanaoanika dagaa, akawafungulia majirani anwani za barua pepe, kila mtu na jina lake. Hata mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Mtwara alichukua, akasema kwao hajawahi kuona kitu kama hicho nyumbani kwa mtu.

Siku moja mgeni alikuja ofisini kwangu, akanitazama usoni, akauliza, "Wewe si dada yake Butoyi wa barua?" Nikajibu ndiyo, nikicheka. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla sijagusa kazi zangu nilifungua kwanza tovuti yake nikiomba isifunguke. Ikifunguka, siku yangu imeharibika. Na hadharani nilikuwa nikisema, "Mimi mambo ya seva za stoo siyataki." Kisebusebu na kiroho papo.

Ikatokea Butoyi akaalikwa kijijini Ilagala kuwafundisha akina mama wa huko kutumia anwani zao. Aliondoka Alhamisi, arudi Jumanne. Kabla hajaondoka alikuja kwangu.

"Dada, nakuachia seva. Umeme ukikatika muda mrefu, izime vizuri, usiache ife yenyewe. Nywila ni jina la mama."

Mama yetu alikuwa ameshafariki. Jina lake hatukulitaja ovyo. Yeye alinikabidhi kama mtu anayekabidhi ufunguo, bila kuniangalia mara mbili.

Ijumaa mchana baba, aliyeishi jirani na Butoyi, alikuwa msikitini. Niliingia stoo, nikakaa, nikaandika jina la mama. Katika mipangilio ya barua kulikuwa na mstari mmoja uliosema, kwa lugha ya mashine, kwamba barua za kwenda nje zipitishwe za wale tu wanaojulikana. Niliujua vizuri mstari ule, nilifundishwa darasani. Nikaufuta, nikaiwasha upya seva.

Usidhani nilikuwa na mpango mkubwa. Nilitaka mashine izidiwe kidogo, barua zichelewe, watu waseme seva ya nyumbani si ya kutegemea. Basi. Nilitaka baba asikie neno hilo mara moja tu.

Lakini mlango wa seva ukiachwa wazi, hausubiri mwizi wa mtaani. Matapeli wa dunia nzima wana mashine zinazozunguka kutafuta milango ya namna hiyo, na kufika Jumapili walikuwa wamepitisha barua taka zao kwa mafungu, zote zikionekana zimetoka Rusimbi, nyumbani kwa Butoyi. Anwani yake ikaandikwa kwenye orodha nyeusi ya wanaotuma taka, na seva za wengine zikaanza kukataa chochote kinachotoka kwake.

Jumapili hiyo jioni Tausi alikuja kwangu. Alikuwa binti wa jirani, amemaliza shule, ameomba uuguzi katika chuo kimoja cha mbali kwa anwani aliyofunguliwa na Butoyi. Chuo kilikuwa kimemkubali kwa barua pepe na kumtaka athibitishe kufikia Jumatatu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilituma jibu lakini imerudi hii. Ni Kiingereza kigumu. Inasema nini?"

Nikachukua simu yake, nikasoma. Ilisema barua imekataliwa kwa sababu inatoka mahali panapotuma taka. Ningeweza kumwambia atume kwa anwani nyingine, au apige simu chuoni kesho asubuhi. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini nikiisema atauliza kwa nini seva ya mama mdogo Butoyi imekataliwa, na jibu lake lilikuwa mimi.

"Ni ya kawaida," nikasema. "Huwa inachelewa. Subiri, itafika."

Akanishukuru. Mwanangu, makosa yangu ni mengi, lakini hilo la kumwambia asubiri ndilo ninalokutana nalo bado, hata nikiwa nafagia uwanja. Mstari niliufuta kwa wivu. Tausi nilimdanganya macho makavu, akiwa amesimama mbele yangu.

Jumatatu kampuni ya intaneti ikafunga njia ya barua kwenye laini ya Butoyi. Jumanne akarudi. Aliingia stoo na vumbi la safari miguuni, akakaa akasoma kumbukumbu za seva. Seva huandika kila kitu, siku, saa na kila kilichobadilishwa, na nywila tulikuwa nayo wawili tu. Nilikuwa nalijua hilo pia, lakini wivu hukusahaulisha hata ulichosomea. Alipotoka hakupaza sauti.

"Dada, Ijumaa saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Kwako. Niliangalia umeme."

"Sawa," akasema. "Nilitaka tu kujua kama utaniambia."

Akaenda kunawa miguu.

Kesho yake mama Tausi alifika kwa baba na kumweleza kwamba nafasi ya binti yake imepewa mwingine. Baba alimsikiliza, akamsindikiza mpaka barabarani, kisha akaniita mimi peke yangu. Nadhani Butoyi hakumwambia kitu. Ila baba alitulea sisi wawili, alijua uso wa kila mmoja akiwa na kosa.

"Bukuru," alisema, "kulikuwa na mtu Bangwe aliyenitukana mbele yenu mkiwa watoto. Wiki iliyofuata ikaja barua yake. Mvua ilikuwa inanyesha, na ningeweza kuitupa mtaroni, nani angejua? Nikampelekea. Ugomvi ulikuwa wangu na yeye, barua ilikuwa yake."

Akaendelea:

"Uliyemwonea wivu ni mdogo wako. Uliyemuumiza ni mtoto wa watu. Wivu hauna shabaha, mwanangu. Unarusha huku, unampata aliye kule."

"Baba, ulisema yeye ndiye aliyerithi kazi yako," nikasema. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi na nyumba, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto.

Akanijibu, "Nilisema. Na hukuniuliza wewe umerithi nini. Sasa sina la kukujibu. Nenda kwa mama Tausi ukaseme mwenyewe. Sitakusindikiza."

Nilimkuta mama Tausi anamenya muhogo, Tausi yuko pembeni yake. Nikasema yote, la seva na la simu. Mama Tausi aliweka kisu chini.

"Wewe ndiye uliyemwambia asubiri?"

"Ndiyo."

Aliokota kisu, akaendelea kumenya. "Haya. Tumekusikia. Nenda."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kuambiwa niende tu kulikuwa kuzito zaidi.

Tausi alikaa nyumbani mwaka mzima akiuza samaki, migebuka ya ziwani, na mama yake. Mwaka uliofuata alipata chuo kingine, na leo ni muuguzi. Tukikutana ananiamkia kwa heshima zote. Nyumbani kwangu hajawahi kuingia.

Butoyi aliandikia wenye orodha nyeusi mmoja mmoja mpaka jina lake likafutwa. Kampuni haikuifungua tena njia ya barua, ikasema laini ya nyumbani si ya kazi hiyo. Akahamishia barua kwenye mashine ya kukodi huko mbali, tovuti akaiacha stoo. Wiki zote hizo nilikaa kando yake nikimsomea majina ya orodha, naye akiandika. Na nikuambie aibu yangu ya mwisho: hata pale, nikimtazama anavyorekebisha uharibifu wangu bila neno, niliuonea wivu uvumilivu wake. Sikukuu tunakula sinia moja. Nywila alibadilisha, hajanipa mpya, nami sijaiomba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Uzee wangu si wa miaka mingi sana, ila huku ukishaitwa bibi na wajukuu wa ndugu zako, unapewa haki ya kusema. Basi nasema. Wivu utakuja, usijidanganye kwamba wewe ni malaika. Utakuja kwa ndugu yako kabla ya mgeni, maana wa mbali humwoni anavyopakuliwa chakula. Ukija, mwambie mtu unayemwamini, au mwambie huyo huyo unayemwonea: "Nakuonea wivu." Ni maneno ya aibu, lakini aibu ya siku moja. Neno la mzazi likikuchoma, muulize siku ile ile, usilifuge. Mtu akikukabidhi ufunguo wake, ukihisi mkono wako hauko safi, mrudishie umwambie huwezi. Na ukishakosea, simama hapo hapo kwenye kosa la kwanza, maana la pili ndilo linalowafikia wasiohusika.

Mungu akupe kazi ya mikono yako mwenyewe, na akupe macho ya kuitazama ya mwenzako yasiyouma. Akujalie ndugu wa kukukabidhi vyake, nawe uvirudishe kama ulivyovikuta. Amina.